Kipande Changu cha Wavu

Uongo niliowalisha

Akina mama wenzangu wa ibada ya Jumapili, mmeniuliza mmoja mmoja, kwenye lifti, kwenye basi la Don Mills hapa Toronto, hata matangani kule Scarborough: ulifuata nini msituni Ituri, na mbona ulisema wiki nne ukakaa zaidi ya miezi miwili? Nimechoka kujibu nusunusu. Nimeandika mara moja, mpitishiane karatasi. Shuleni nilikaa miaka mitatu tu kwa masista. Mkiona neno limeanguka, liinueni muendelee.

Kabla ya safari niondoe uongo, maana bila hivyo hamtaelewa kitu. Nyote mnaijua hadithi yangu ya kamio. Kila nikitoa ushuhuda nasema kwamba mwaka wa sitini na nne, vita vilipofika kijijini kwetu kando ya barabara ya Mambasa, Mungu alileta kamio, lori la kahawa, ikatubeba mimi na binti yangu Furaha mpaka Bunia. Mmeniitikia amina mara nyingi. Haikuwa kamio.

Tulitolewa na Wambuti, wale watu wafupi wanaoishi msituni kwa kuwinda na kuokota, ambao sisi wa barabarani tuliwaita "watu wetu", kama mtu anavyosema mbuzi wangu. Mama yangu alikufa akinizaa. Aliyeninyonyesha ni mwanamke wa Kimbuti: ziwa moja mimi, ziwa la pili binti yake Abeya. Kwa hiyo Abeya ni dada yangu. Hilo nalo sikuwahi kulisema kanisani.

Vita vilipokuja, Abeya na mume wake walituficha miezi minne. Furaha alikuwa na miaka minne, mguu umevimba, hawezi kukanyaga chini. Wakakata wavu wao wa kuwindia, wakatengeneza machela, wakaining'iniza kwenye mti mrefu wa kubebea mabegani, Abeya mbele na mumewe nyuma, siku tano hadi barabara ya Bunia. Msiojua mtaona ni kamba tu. Lakini kule wavu ndio jiko. Kila nyumba ina wavu wake. Wakienda kuwinda, wanaume huziunganisha nyavu zote kwa nusu duara, na wanawake huwaswaga wanyama kwa kelele waingie ndani. Mwenye wavu mfupi huwekwa pembeni, na pembeni mnyama hafiki ila kwa bahati. Walipoukata wavu wao, walikata chakula chao. Barabarani Abeya aliniachia kile kipande nimbebee mtoto mpaka mjini. Akasema, "Utanirudishia." Nikasema nitarudisha.

Sikurudisha, miaka ishirini na tisa. Sababu nitaieleza tukifika mahali pake. Mwanzoni mwa mwaka huu wa tisini na tatu, mtu wa Beni aliyekuja kutembelea wanawe hapa Flemingdon alinipa habari kwamba Abeya yu hai, macho yamefifia, na huwa anauliza kama mdogo wake wa barabarani ameshakufa.

Nikamwambia Furaha naenda. Furaha anaosha na kulisha wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu mbili, na mimi ndiye ninayepokea watoto wake wakitoka shule. Akaniuliza nitapandaje na kushuka milima ya matope kwa magoti haya, mimi ambaye hata chumba cha kufulia kule chini siendi bila kulalamika. Nikamjibu kwamba kulalamika ni mdomo, magoti ni kitu kingine. Hakuniuliza naenda kufanya nini. Wakati ule nilishukuru kwamba hakuuliza.

Duka la Scarborough

Habari za viza na makaratasi siziandiki, kila mmoja wenu anazijua. Naanza na wavu, kwa sababu nilishaamua siendi mikono mitupu.

Nilipanda mabasi mawili mpaka Scarborough, kwenye duka linalouza vitu vya kuvulia samaki. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilimwambia nataka wavu mnene, wa urefu wa kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye kituo cha basi. Alichungulia nje akakipima kituo kwa macho.

"Mama, unavua samaki gani huyo?"

"Mwenye miguu minne."

"Huyo hatukuwa naye Mwanza," akasema, akaenda nyuma kutafuta.

Akaniletea wavu wa nailoni, wa kijani, unang'aa, mwepesi kama shuka. Nikaumiliki pale pale kwa macho. Nilijisemea, nyavu za Wambuti zinasokotwa kwa magome, zinaoza kwa mvua, zinakatika, huu hauozi. Abeya atapata wavu mzima badala ya kipande, na pembeni hatawekwa tena. Nyumbani niliukunja vizuri sandukuni, nikatia vidonge vya naftalini vyenye harufu kali ya kufukuza nondo kila kona, kama ninavyofanya kwa vitenge vyangu vizuri. Navitaja hivyo vidonge kwa sababu vitarudi.

Ndege mbili, halafu Kampala

Ndege haina habari. Nilikaa, nikakaa tena. Kwenye uwanja wa katikati, kule Ulaya, tulingoja siku nzima kwa sababu ya ukungu, nikala ndizi nilizobeba na viazi vya kuchemsha. Msichana mmoja wa Kizungu alitazama viazi vyangu sana mpaka nikampa kimoja. Akala na maganda.

Kampala nililala kwa akina mama wa kanisa moja. Niliposema natoka Toronto waliangalia viatu vyangu vya mpira, wakaangaliana. Jioni wakanihurumia kwa chakula kingi, matoke na karanga, wakanishauri nisione aibu kusema ukweli kama natoka kambi ya wakimbizi. Nikawaachia huruma yao, kwa sababu matoke yalikuwa mazuri.

Kutoka hapo ni basi mpaka Kasese, na gari dogo mpaka mpakani mwa Zaire, Kasindi. Askari wa mpakani alifungua sanduku akaukunjua wavu wote uwanjani, watu wakaukanyaga. Akaniuliza ziwa liko wapi huko ninakokwenda. Nikamwambia hakuna ziwa. Akaniuliza basi samaki wako wapi. Nikamwambia hakuna samaki. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akanisaidia kukunja. Nadhani alimwonea huruma mtu aliyepotea akili.

Kamio kwenye matope

Beni nilipata kamio, ya kweli hii, imebeba chumvi, sabuni na watu kumi na wawili juu ya magunia. Nilicheka peke yangu nikipanda. Abiria mwenzangu akauliza nacheka nini, nikamwambia namcheka bibi mmoja ninayemfahamu.

Mpaka Komanda tulikwenda. Baada ya Komanda barabara iliisha ikabaki jina. Mnakumbuka yale mashimo, kamio nzima inazama hadi vioo. Siku ya pili tulikwama nyuma ya kamio nyingine tatu. Dereva, mtu wa Butembo mwenye sauti ya upole, alisema kwamba kesho tutatoka. Kesho yake akasema kesho. Tulilala chini ya turubai, tukapika mihogo kwa maji ya mvua, na wanawake wa vijiji vya karibu wakatuuzia sombe, yale majani ya muhogo, na uyoga. Siku ya nne alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya dirisha.

Nikamwuliza, "Baba, umewahi kutoka shimo hili kwa siku ngapi?"

"Mwezi wa tano nililala humu siku kumi na saba, mama. Nina godoro."

Nilikaa nikafikiri. Mimi ndiye nimesimulia miaka ishirini na tisa kwamba kamio ilinitoa vitani kwa siku moja. Sasa kamio ilikuwa mbele yangu imezama matopeni na dereva wake ana godoro. Nilishuka, nikafunga sanduku kwa kamba, nikaliweka kichwani. Watu wa juu ya magunia walianza kunionya: simba hakuna, lakini mvua ipo, na umri je. Nikawaambia umri nimekuja nao tangu Canada, haukunizuia.

Nilitembea siku mbili na nusu mpaka kijijini kwetu. Nyumba ya baba haipo tena, pamekuwa shamba la kahawa lililoachwa. Hapo nikaambiwa Wambuti hawapo barabarani, ni msimu wa asali, wamehamia ndani. Niliomba mtu wa kunipeleka. Vijana wa kijiji wakasema wataagiza "watu wao" waje wamchukue Abeya wamlete kwangu, mbona nijisumbue. Niliwajibu kwa maneno ambayo siyaandiki kwenye karatasi ya kanisa.

Kwa miguu, ndani

Aliyekuja kunichukua ni Salumu, mtoto wa mwisho wa Abeya. Mwaka wa sitini na nne alikuwa mgongoni, sasa ana ndevu za mvi mbilitatu. Ananifikia kwapani. Aliniamkia, akalipima sanduku langu kwa mkono mmoja, akasema, "Mama mdogo, hili ni nyumba au ni mzigo?" Akalibeba kwa kamba ya gome kwenye paji la uso, akaanza kwenda.

Siku ya kwanza nilianguka mara tisa. Alisimama kila mara, akaniangalia niinuke, akaendelea. Hakunishika mkono hata mara moja, na nilianza kukasirika, mpaka nikakumbuka kwamba kule anayeshikwa mkono ni mgonjwa. Hakuniona mgonjwa. Baada ya hapo nilianguka bila hasira.

Njiani tulikula asali. Alisikiliza nyuki kama sisi tunavyosikiliza simu, akapanda mti ambao ningeogopa hata kuuegemea, akashuka na masega kwenye majani. Tulikula na mabuu yake, na nta tukatema. Akaniuliza tunakula nini Toronto. Nikamwambia kila kitu kinauzwa kimefungwa. Akauliza nani amekifunga. Nikagundua sijui. Akasema basi mnaamini watu sana.

Kambini tulifika siku ya tatu mchana, vibanda kumi na viwili vya matawi vimefunikwa majani mapana ya mangongo. Abeya alikuwa amekaa mlangoni, amekuwa mdogo sana, macho yana utando. Nilisimama mbele yake. Alininusa.

"Una harufu ya duka," akasema. "Kaa chini, nikuguse kichwa."

Alinigusa kichwa, masikio, akafika kwenye kovu la kidevuni ambalo yeye mwenyewe aliniwekea kwa jiwe tukiwa wadogo. Akakiacha kidole pale. Sikulia. Nilitaka, lakini watu wote wa kambi walikuwa wametuzunguka na tayari walikuwa wanatucheka, jinsi wanavyocheka kwa kila kitu, wakishikana mabega.

Siku hiyo hiyo akaniuliza nalala wapi. Nikasema popote. Akasema popote hapana, nyumba kule hujengwa na mwanamke anayelala ndani yake, nami nina mikono. Nilijenga hadi jua likashuka. Nilipanga majani vibaya, vikonyo juu, mvua ikaingia. Asubuhi nikayapanga upya, naye kakaa kando akinielekeza kwa kusikiliza tu.

Wavu wa kijani

Nilitoa wavu mbele ya watu wote. Waliushika, wakauvuta, wakashangaa hauna fundo linaloteleza. Salumu akaniambia wavu wake ulitobolewa na nguruwe wa porini, lipo pengo la hatua tatu, na tangu hapo amewekwa pembeni. Kusikia hivyo nilijiona nimefika wakati wake hasa. Nikamwambia, weka huu badala yake, simama katikati. Wakubwa wakaangaliana. Kwa heshima yangu wakakubali.

Asubuhi wakawasha moto chini ya mti njiani, wakatia majani mabichi utoke moshi, maana hawaondoki kuwinda bila kuusalimu msitu hivyo. Wanaume wakatangulia na nyavu. Sisi wanawake tukazunguka upande wa pili, na ilipolia ishara tukaanza kwenda tukipiga majani na kupiga kelele. Nilifungua mdomo, ikatoka sauti ndogo. Miaka minne nimekaa Toronto ghorofa ya kumi na moja, nikitwanga sombe jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Koo limejifunza kunong'ona. Mwanamke aliyekuwa kulia kwangu akaniuliza kama nawaswaga wanyama au nawabembeleza walale. Nikapiga kelele basi. Nilipiga kelele kama sijawahi tangu nizaliwe, na niseme kweli, nilipata raha.

Mboloko wawili, wale paa wadogo wa rangi ya moshi, walitoka mbele yetu wakikimbilia katikati ya nyavu, na nyuma yao mmoja mkubwa mwekundu. Niliwaona kwa macho yangu. Hatua kumi kabla ya wavu wangu walisimama. Pua juu. Wakageuka wote watatu kwa pamoja, wakaturudia sisi wanawake, wakapita katikati ya miguu yetu, mmoja akaniangusha.

Salumu aliuleta ule wavu puani kwake, akapiga chafya. Ni naftalini. Kule hewa haina harufu yoyote ila majani, moshi na udongo, na mimi nilikuwa nimetandaza katikati ya msitu kabati langu la nguo lote. Kila mahali tulipohamia siku ile ilikuwa hivyo hivyo, wanyama wanafika, wananusa, wanarudi. Kambi nzima haikupata nyama. Watu wakacheka mpaka wakalala chini, mtu mmoja akajifanya mboloko, akatembea, akanusa kwapa la mwenzake, akazimia. Walinicheka bila ubaya. Lakini watoto walikula uyoga mtupu, na mimi nililiona hilo.

Nilimkuta Abeya mlangoni, alishasikia yote. Akaniuliza, "Kipande changu kiko wapi? Kile cha kamba. Unaniletea duka zima, kile hukitaji."

Hapa ndipo mahali pake, akina mama. Nilikuwa nimesafiri dunia nzima nikijua kwamba swali hilo lipo, na nimebeba mita arobaini za nailoni nilifunike.

"Nilikichoma," nikamwambia.

Nikamweleza. Baada ya vita alinitaka karani mmoja wa Bunia, aliyekuja kuwa baba wa wanangu wengine. Mama yake akaja kunitazama kwa shangazi yangu. Akauona wavu umening'inia ukutani, unanuka moshi wa msituni. Akauliza kwa dharau kama nimelala na Wambuti. Nikasema hapana, sisi tulitolewa na kamio. Akaendelea kuuangalia ule wavu. Nikautoa ukutani nikautia motoni mbele yake, chini ya sufuria ya maharagwe.

Wote walinyamaza, na Wambuti kunyamaza ni jambo zito. Kisha Abeya akauliza, "Yaliiva?"

"Nini?"

"Maharagwe."

"Yaliiva."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, Salumu akampigapiga mgongo. Mimi nilikaa nikiwa nimeinama. Alipomaliza aliuondoa uso wa kucheka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ule wavu tulioukata ulijazwa msimu uleule. Kila nyumba ilikata kipande chake ikatupatia, ndivyo tunavyofanya. Ni nyumba yako peke yake ambayo haijatoa. Mimi sikungoja wavu mzima, mdogo wangu. Nilingoja kipande chako. Hicho cha kijani wape watoto. Kesho Salumu atakuonyesha mti wa kamba."

Nikamwambia nina siku tisa tu, halafu ndege.

"Basi usizimalizie hapa ukinihesabia," akasema.

Paja

Ule si mti hasa, ni mtambaa, wanauita kusa. Unaubandua gome, unakwaruza mpaka zibaki nyuzi, unakausha juu ya moto, halafu unaweka nyuzi mbili juu ya paja lako tupu na kuzisokota kwa kiganja, kwenda na kurudi. Kufunga mafundo ni kazi ya wanaume. Kusokota ni kazi ya yeyote mwenye paja.

Siku ya kwanza nilitoa kamba ya urefu wa mkono. Abeya akaipitisha kati ya vidole, polepole, akasimama. "Hapa ulikuwa unawaza kitu kingine." Akaifumua. Ni kweli, nilikuwa namuwaza Furaha na zamu zake. Siku ya pili akafumua nusu. Siku ya tano paja langu lilikuwa jekundu, halina hata kinyweleo, likaanza kutoa maji. Walinipaka nta na majani, nikahamia paja la kushoto. Ilipofika siku ya nane nilikuwa na kamba ya hatua moja ya wavu, na zinatakiwa tatu.

Nilitoka nje ya kambi nikakaa juu ya mzizi nikafikiri vizuri. Nikiondoka, Salumu atamalizia mwenyewe kwa siku chache, na kwa ustadi zaidi. Hakuna atakayenilaumu. Watacheka, watahama, basi. Ila nitakuwa nimetoa neno mara mbili na kuvunja mara mbili. Nilirudi nikaketi nikaweka nyuzi pajani. Salumu alipokwenda barabarani kubadilisha nyama kwa chumvi, nilimpa barua ya kwenda kwa Furaha aipeleke misheni Mambasa, isemwe kwa redio mpaka Beni. Niliandika neno moja: Sijamaliza.

Baadaye nilijua ilimfikia baada ya wiki tatu, na wiki hizo tatu Furaha alifikiri nimekufa. Hilo nalibeba, silikatai.

Nilikaa nao. Tulihama mara mbili, na kila mara nikajenga nyumba yangu, ya tatu haikuvuja. Nilitwanga, nilichota maji, nilikula konokono na kumbikumbi, nilipiga kelele msituni na wenzangu asubuhi kwa asubuhi. Mkiniuliza wanaishi vipi, nitawaambia hivi tu: hakuna aliyewahi kuniamuru, na hakuna aliyeniacha nikae bure.

Wiki ya saba kamba ilitosha. Salumu akaifuma siku mbili, akaunganisha kipande changu kwenye pengo la nguruwe. Kilikuwa na rangi nyepesi kuliko kingine, ungekiona kwa mbali. Abeya akakipitia chote kwa vidole, fundo kwa fundo. Hakusema kizuri. Alisema, "Sawa."

Siku ya pili Salumu hakuwekwa pembeni. Mboloko wa kwanza aliingia kwenye wavu wa jirani yake, wa pili akapita juu, na wa tatu akaingia wa Salumu, si kwenye kipande changu, bali karibu nacho kiasi cha mkono. Nilitamani kiwe kwenye changu, nakiri. Waliponigawia, walinipa nyama ya mgongo kwenye jani, kama nyumba nyingine yoyote.

Kuaga kule hakuna maneno. Abeya alinipa fungu la nyuzi kavu za kusa, zimefungwa kwa jani. Nikamwuliza za nini, wavu si umekamilika. Akasema, "Aliyebebwa ni nani?" Kisha akageukia moto wake, na Salumu akalibeba sanduku langu, sasa jepesi, akatangulia.

Flemingdon

Kurudi nakuruka, isipokuwa mtu wa ukaguzi hapa uwanjani aliyezishika zile nyuzi akauliza ni chakula au dawa. Nilimwambia kwa Kiingereza changu, kamba. Akauliza ya kufungia nini. Nikakosa Kiingereza cha kutosha, akanipitisha.

Furaha alinipokea akiwa na sare ya kazini. Alinikumbatia kwa nguvu, halafu hakusema nami siku tatu. Chakula aliweka, chai aliweka. Watoto wakaniuliza kwa Kiingereza kama nimeona tembo, nikawajibu kwa Kiswahili kwamba nimeona mama yao alikotoka. Hawakuelewa, wakaenda kwenye televisheni.

Siku ya nne alirudi kutoka zamu ya asubuhi akanikuta dirishani, nimepandisha kitenge, nasokota zile nyuzi za Abeya. Akaliona paja. Yeye kazi yake ni ngozi za wazee, akapiga magoti hapo hapo na koti lake, akaligusa lile baka jeusi gumu, akauliza nani amenifanya hivi.

Nikaona nisipoanza sasa sitaanza. Nikasema, "Furaha, nina neno. Kule vitani, ile kamio niliyokuwa nasema..."

"Haikuwa kamio," akasema.

Mkono wangu ukasimama juu ya nyuzi.

"Nilikuwa na miaka minne, mama. Nakumbuka nimelala chali, majani yanapita juu, siku nyingi, na kila jani nililiona ndani ya kitundu cha kamba. Mbele kulikuwa na mgongo wa mwanamke mfupi aliyebeba mtoto, anaimba. Kamio haina vitundu."

Nilimwuliza kwa nini miaka yote hii hakusema, amekaa kanisani ananisikiliza na ushuhuda wangu.

"Ulikuwa unaipenda sana kamio yako," akasema.

Akavua koti, akaketi sakafuni, akakunja suruali ya sare mpaka juu ya goti na kupita, akanyoosha mkono. Nikampa nyuzi mbili. Alizisokota vibaya. Nilizipitisha vidoleni, nikazifumua, nikamrudishia aanze tena.